Pampu ya shangazi na ile trrr ya simu

Shangazi yangu ana eka mbili za zabibu kule Mpunguzi, Dodoma, barabara ya kwenda Iringa, na ana goti ambalo halimruhusu tena kupanda daladala kila asubuhi. Nilimtengenezea kifaa cha kumtumia meseji. Pampu ikiwaka anapata "PAMPU IMEWAKA", ikizimwa anapata "PAMPU IMEZIMWA". Nilijiona fundi kweli. Alikitumia wiki mbili, kisha akaniita kwake Chang'ombe, akanimiminia chai, akangoja nifike nusu kikombe.

"Mama," akasema (huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake), "hii meseji inasema pampu imewaka. Nani kaiona?"

"Mashine yenyewe, shangazi."

"Mashine inajitolea ushahidi yenyewe?" Akacheka peke yake. "Mimi nataka niisikie. Pampu nikiisikia najua kama inavuta maji au inavuta upepo. Meseji yako haina sauti."

Nikatafuta la kujibu, sikulipata. Meseji ile ilikuwa inatumwa pale kontakta, ile swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye mota, inaposhika, basi. Kontakta kushika na maji kufika kwenye mizabibu ni mambo mawili, na kati yake kuna mota, kuna bomba la kuvutia, kuna tanki ambalo kijana wa shamba anaweza kuwa amesahau kulijaza. Pampu yake ni ile ya juu ya ardhi, inavuta kwenye simtanki na kusukuma kwenye mipira ya matone. Ikikosa maji haizimi, inapiga kelele tofauti tu. Wenye masikio wanaijua hiyo kelele.

Nikamwambia, shangazi, hilo ni jambo dogo, nipe Jumamosi moja. Nilimaliza baada ya miezi mitatu.

Kifaa chenyewe kilikuwa na moduli ya SIM800L, ile bodi ndogo nyekundu inayokaa kwenye ncha ya vidole viwili, ambayo mafundi wengi tumeianzia. Ni simu kamili isiyo na kioo wala vitufe. Unaiwekea laini, unaipa umeme, unaongea nayo kwa amri zinazoanza na AT. Wengi tunaitumia kwa meseji na intaneti kidogo, na ile miguu minne ya pembeni tunaiacha hewani. Imeandikwa MICP, MICN, SPKP, SPKN. Miwili ya maiki, miwili ya spika. Moduli ina masikio na mdomo tangu kiwandani, mimi ndiye niliyekuwa sijawahi kuyatumia.

Basi nikachukua maiki ya elektreti, ile ya duara yenye miguu miwili unayoikuta kwenye simu za zamani, nikafanya kama nilivyofanya miaka yote kwenye amplifaya za kwaya: mguu mmoja kwenye MICP, mwingine kwenye negativu. MICN nikaiacha. Nikakipigia kifaa, nikasogeza simu sikioni, nikasikia:

Trrrrrrrrrrr.

Unaijua hiyo sauti. Kila aliyewahi kuweka simu juu ya redio anaijua. Redio inajua unapigiwa kabla simu yenyewe haijalia. Siku hiyo ilikuwa imekaa ndani ya laini, imefunika kila kitu, na nyuma yake kwa mbali sana kulikuwa na kitu kinachofanana na feni ya benchi langu.

Naomba niikalie hiyo trrr kidogo, maana ndiyo iliyonila muda.

Mnara wa 2G hauwapi watu nafasi ya kuongea kwa mkupuo. Unagawa muda kama foleni ya bomba la mtaani: watu wanane, kila mmoja anakinga kidogo, anatoka, anarudi mwisho wa mstari. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 4.615, na zamu ya kila mmoja ni takriban mikrosekunde 577. Kwa hiyo simu yako haitumi mawimbi mfululizo. Inarusha, inanyamaza, inarusha, inanyamaza, karibu mara 217 kwa sekunde. Mawimbi yenyewe ni ya mamia ya mamilioni ya Hz, sikio haliwezi kuyasikia. Ila kule kuwaka na kuzima mara 217 kunasikika vizuri sana, na pamoja nako vizidisho vyake, 433, 650 na kuendelea.

Inaingiaje kwenye maiki? Nilipata milango mitatu, na yote nilikuwa nimeiacha wazi.

Wa kwanza ni umeme. Kila zamu yake ikifika, moduli inaweza kunyonya hadi ampea 2, halafu inatulia. Yenyewe inataka kati ya volti 3.4 na 4.4, na mimi nilikuwa naipa 4.0 kupitia waya mwembamba wenye urefu wa mkono mzima. Waya wa hivyo unakuwa kama mpira mrefu wa maji, ukifungua ghafla presha inaanguka mwishoni. Volti ilikuwa inachezacheza kwa mdundo uleule wa 217, na maiki yangu ilikuwa imefungwa kwenye negativu hiyohiyo inayochezacheza. Nikafupisha waya, nikaunenepesha, nikaweka kapasita (kidumu kidogo cha kuhifadhi umeme) ya mikrofaradi 1000 palepale kwenye miguu ya moduli. Trrr ikapungua, haikuisha.

Mlango wa pili ulikuwa kosa langu la kwaya. MICP na MICN ni jozi, wala hakuna aliye mkubwa kwa mwenzie na hakuna hata mmoja ambaye ni negativu. Moduli inachokisikiliza ni tofauti kati ya nyaya hizo mbili. Maiki ikisikia sauti, waya mmoja unapanda na mwingine unashuka, tofauti inakuwa kubwa. Uchafu ukitoka nje unazipiga zote mbili sawasawa, tofauti inakuwa sifuri, uchafu unajifuta wenyewe. Ni mpango mzuri mno, na mimi nilikuwa nimeuharibu kwa kumfunga mmoja wao kwenye chesi, yaani ile negativu. Nikamfungua. Nikazisokota nyaya mbili pamoja kama msichana anavyosukwa twende kilioni, kutoka maiki hadi kwenye miguu, zisipate nafasi ya kutofautiana.

Nikapiga tena. Nikasikia feni! Na trrr nyembamba, kama mdudu aliyeko chumba cha pili.

Mlango wa tatu sikuuamini hadi nilipouona kwa macho yangu. Ndani ya kile kikopo cha maiki kuna transista ndogo, ndiyo inayoinua sauti dhaifu ya utando. Mawimbi ya antena yakiikuta, transista hiyo inayafanya kile redio ya AM inachokifanya: inatupa wimbi kubwa, inabakiza umbo lake la kuwaka na kuzima. Yaani maiki yenyewe inageuka redio ndogo inayopokea simu iliyo karibu yake. Antena yangu ilikuwa ile ya springi, sentimita nne kutoka kwenye maiki, vyote viwili ndani ya boksi moja. Ningetegemea nini?

Dawa yake ni kapasita mbili ndogo sana, ya pikofaradi 33 na ya pikofaradi 10, zinazokaa mdomoni mwa maiki, katikati ya miguu yake miwili. Nilipoziona kwenye michoro nilidhani ni urembo, kwa maana kwenye sauti pikofaradi 33 haifanyi lolote. Na ndiyo sababu zinawekwa. Sauti inapita kana kwamba hazipo. Ila kwenye mawimbi ya 900 MHz ile ya 33 inakuwa kama njia ya mkato, na kwenye 1800 ile ya 10 inafanya hivyohivyo, hivyo mawimbi yanageuka hapo mlangoni kabla ya kuingia kwenye transista. Lazima ziwe zile bapa zisizo na miguu mirefu. Mguu mrefu unaharibu hesabu yote. Nilizitoa kwenye bodi ya simu iliyokufa, kwa kibanio na jicho moja limefungwa. Antena nikaitoa nje ya boksi, nikaipandisha juu ya nguzo kwa kebo yake.

Kimya. Feni tu. Nilicheka peke yangu kwenye benchi langu pale Majengo hadi muuza vitenge wa jirani akaja kuangalia. (Huyo ndiye huwaelekeza wateja wangapi sijui, kwa sababu wakifika na kunikuta mimi huniuliza fundi yuko wapi.)

Hapo mtu angedhani kazi imekwisha.

Nikaenda Mpunguzi, nikaifunga maiki hatua moja kutoka kwenye pampu, nikaivisha sponji ya godoro kwa sababu ya upepo. Upepo wa Dodoma miezi ya Juni na Julai unapiga maiki kama mtu anayekung'uta gunia. Nikampigia shangazi nikamwambia, haya, jaribu. Akapiga. Nikaona taa ya moduli, nikajua wameunganishwa. Baada ya nusu dakika akakata, akanipigia mimi.

"Mama, imewaka halafu imezimika."

"Haijazimika shangazi, naiona inazunguka hapa."

"Mimi nimeisikia ikianza, vuuu, halafu imeenda mbali, imeenda mbali, imebaki shhh."

Nikajaribu kwa simu yangu. Kweli. Pampu inaunguruma mbele yangu, na kwenye simu inafifia kama gari linaloondoka. Nikipiga makofi karibu na maiki, makofi yanasikika safi. Nikiongea, nasikika. Pampu ndiyo haitakiwi.

Siku mbili sikuelewa. Nikapandisha sauti ya maiki kwa AT+CMIC, ambayo ina ngazi kutoka 0 hadi 15, kila ngazi desibeli 1.5. Nikaweka 15. Vuuu ikaanza kubwa zaidi na kufifia vilevile. Ndipo nikakumbuka simu imetengenezwa kwa ajili ya nani. Imetengenezwa kwa watu wawili wanaoongea, na mtu anayeongea hukatakata: neno, pumzi, neno. Kitu kinachounguruma mfululizo bila kupumua, kwa simu, ni kelele ya nyuma. Ni basi ulilopanda, ni mashine ya kusaga ya jirani. Kazi ya simu ni kuitambua kelele hiyo na kuipunguza ili neno lisikike, na ikiona hakuna anayeongea kabisa inaacha hata kutuma sauti, upande wa pili unatengenezewa shhh ya bandia ili msikilizaji asidhani simu imekatika. Simu ilikuwa inamsaidia shangazi kutosikia kitu pekee alichotaka kusikia.

Na kuna la ziada: simu ya kawaida inabeba sauti vizuri kati ya 300 na 3400 Hz. Mngurumo mzito wa mota yetu ya umeme wa 50 Hz uko kwenye 100 Hz hivi. Huo unachujwa mapema. Kinachobaki ni mluzi wa beringi, mkwaruzo, maji yenyewe. Bahati nzuri ni hivyo hasa ndivyo shangazi anavyovitaka.

Suluhisho lilinijia nikiwa nasubiri gari barabarani, nikimsikiliza mzee mmoja anapiga zeze kwa ajili ya vijisenti. Upinde unaenda, unarudi, na kila ukigeuka kuna kapengo. Nikasema, pampu lazima ifundishwe kupumua.

Nikaweka IC ya 4066, yenye swichi nne ndani, nikatumia mbili, moja kwa kila waya wa maiki (jozi ni jozi, hukati mmoja ukamwacha mwenzie). Arduino, ile kompyuta ndogo ya bodi inayoongoza kifaa, inazifungua na kuzifunga: sauti kwa sehemu saba kati ya kumi za sekunde, kimya kwa sehemu tatu. Simu ikisikiliza katika vile vipengo inakuta kimya, inajua hapa kelele ya nyuma ni ndogo, na vuuu inayofuata inaihesabu kuwa neno. Maiki nikaipa umeme wake wa pembeni, na katikati kapasita, ili swichi zisipige risasi kila zikifunga. Bado zinatoa tik ndogo. Nimeiacha.

Shangazi akapiga. Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani laini imekatika.

"Inahema," akasema. "Vuu. Vuu. Vuu. Kama ng'ombe aliyetoka kunywa." Kisha: "Haya, hii inavuta maji."

Mengine yalikuwa mepesi. Amri AT+DDET=1 inaifanya moduli isikilize vitufe vya simu inayopiga, kwa hiyo akibonyeza 1 pampu inawaka, akibonyeza 2 inazima, naye anasikia mwenyewe kilichotokea bila kutegemea ushahidi wa mashine. AT+CLIP inanionyesha namba inayopiga, na kifaa kinapokea namba tatu tu: yake, yangu na ya kijana wa shamba. Kosa moja la kuchekesha lilikuwa mguu wa RING. Simu ikiita volti yake inashuka na kubaki chini, meseji ikiingia inashuka kwa milisekunde 120 tu na kupanda. Mimi niliandika programu inayoamka kwa kila kushuka, na sijui laini ile ilijiunga wapi, kwani meseji za "leo ni siku yako ya kushinda" zilikuwa zinaamsha kifaa usiku kucha. Sasa kinapima kwanza.

Mteja mmoja wa Nzuguni aliposikia habari hizi akataka cha kwake kwa 4G, akaniletea moduli ya Quectel EC25. Nikatafuta masikio, sikuyaona. Hiyo haina maiki wala spika, ina PCM: nyaya nne zinazobeba sauti ikiwa tayari namba. Moja ni mapigo, moja inaashiria kila namba inapoanza, moja inaingiza, moja inatoa. Namba 8,000 kwa sekunde, kila moja biti 16. Ukiweka mapigo kwenye kHz 2,048 unapata mapigo 256 kwa kila namba, yanatumika 16, mengine 240 yanapita matupu. Mwanzoni niliona ni ufujaji, lakini nafasi hizo ndizo zingebeba sauti nyingine kama zingekuwepo. Unahitaji IC ya kodeki, inayogeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti, katikati ya hapo na maiki, na uangalie volti, maana nyaya hizo ni za 1.8 na Arduino ya volti 5 itaziunguza. Nilijipa moyo kwamba angalau trrr nimeiaga, kwa vile 4G haipigi zamu kwa mtindo ule. Nikapiga simu ya majaribio: trrrr. Moduli ilikuwa haijafunguliwa kupiga simu ndani ya 4G, kwa hiyo kila ikipigiwa inashuka hadi 2G kimyakimya. Nikarudi kwenye kopo langu la kapasita za 33 na 10.

Huko Mpunguzi limezuka jambo ambalo sikulipangia. Maiki ikiwa wazi na pampu imezimwa, inasikia shamba. Shangazi anapiga saa mbili usiku, hawashi kitu, anasikiliza tu. Kanga wakilala, mbwa, upepo kwenye nguzo. Nilimwambia kijana wa shamba tangu siku ya kwanza kwamba kile kiboksi kina sikio, nikamwekea taa inayowaka simu ikiwa hewani na swichi ya kuzima maiki akitaka. Haizimi. Taa ikiwaka anaacha anachofanya, anakisogelea kiboksi, anainama kidogo.

"Mbukwenyi, bibi!"

Shangazi anaitikia huko Chang'ombe kwa sauti kubwa, na kule haifiki, kwa sababu SPKP na SPKN bado ziko hewani. Wiki iliyopita kijana alinipigia kuuliza spika yake inakuja lini. Nimempatia ya omu 8 kwenye redio moja mbovu. Hiyo nayo ni jozi, hakuna kumfunga mmoja kwenye chesi.